Fulani Amekubali Mwaliko

Fundi alituma mwaliko kwa mtu asiyekuwepo, na mtu huyo akakubali.

Tuanzie hapo, maana wengine wakisimulia kisa hiki huanza na mayowe, na mayowe yalikuja baadaye kabisa. Ilikuwa mchana kweupe, mtoto Kidoti anacheza ukumbini, na baba yake, huyo Fundi, kajifungia stoo na kompyuta kuukuu aliyoiokota kazini walipokuwa wanaitupa. Alikuwa ameifuta yote, akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na juu yake programu huria ya kalenda, ile ambayo mtu anaipakua bure na kuiendesha mwenyewe nyumbani, ili simu ya mume na simu ya mke zisome ratiba moja. Mafundi huiita seva. Mtu mwingine angeona boksi jeusi tu, limewekwa juu ya ndoo ya unga, linavuma.

Msidhani alikuwa anajifurahisha. Ndoa yake ilikuwa inaning'inia. Fundi alitengeneza mitambo ya ofisi za watu, na ofisi za watu zilikuwa zimemmaliza. Alisahau kumpeleka mtoto chanjo. Alisahau kumpokea mama mkwe stendi, mama wa watu akakaa juu ya begi lake mpaka jioni. Mkewe, ambaye anafundisha shule ya msingi na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hakugomba. Alisema tu, "Baba Kidoti, nimechoka kuongea na kisogo. Ukitusahau tena naenda kwetu, na mtoto naenda naye."

"Nipe siku chache," Fundi akasema. "Nitatuwekea kalenda."

"Si zimejaa kwenye simu hizo kalenda?"

"Zile ni za makampuni. Mambo ya nyumba yangu yakae ndani ya nyumba yangu."

Mwalimu akaguna. "Makubwa! Mwanamume anaombwa muda, yeye anajenga mtambo."

Sasa, watu wa kompyuta wana tabia moja. Kabla ya kuingiza watu wa kweli kwenye mtambo, wanatengeneza mtu wa uongo wa kujaribia. Fundi akatengeneza wake, akamwita Fulani. Akampa neno la siri la ovyo, na kwa kuwa alitaka kujaribu kila kitu kwa mpigo, akampa ruhusa zote: asome kalenda ya kila mtu humo ndani, aandike, afute. Kisha akamwandikia mwaliko: "Karibu nyumbani." Kila siku, saa kumi jioni. Alipofika mahali pa kuweka tarehe ya mwisho akaona uvivu, akapaacha wazi.

Jibu lilikuja kidole hakijaondoka. Fulani amekubali mwaliko wako.

Fundi akakunja uso. Akaunti ya Fulani haikuwa imefunguliwa kwenye simu yoyote wala kompyuta yoyote. Hapakuwa na wa kukubali. Akanusa, akasikia harufu ya nywele zilizoungua, akagusa waya na boksi, vyote vya baridi. "Itakuwa inajijibu yenyewe," akajiambia. Mara Mwalimu akaita chakula, na siku hiyo, ajabu, Fundi akaitika mara moja. Akatoka stoo bila kumfuta Fulani.

Mambo yakawa mazuri, tusiseme uongo. Simu ilikuwa ikilia, Fundi anaacha kazi za watu na kwenda kumchukua mtoto shule. Alikumbuka siku ya kuzaliwa ya shemeji yake, shemeji akampigia Mwalimu kuuliza kama mumewe ni mgonjwa. Mwalimu alianza kumtania tena mumewe, na Fundi alikuwa hajajua jinsi alivyokosa kutaniwa.

Kisha akaona kisanduku cha kijivu kwenye ratiba ya mkewe. Saa kumi hadi saa kumi na moja, hakina kichwa wala maelezo, kimeandikwa tu "Ana shughuli". Kesho yake kingine. Keshokutwa kingine.

Shughuli gani hiyo ya kila siku isiyosemwa? Wivu ukamkaba. Hakuuliza, akaamua kuvizia, akatoka kazini mapema na kuja nyumbani kwa miguu ya paka. Kidoti alikuwa amekaa kizingitini, kamkumbatia mwanasesere wake.

"Mama yuko wapi?"

"Ametoka."

Fundi akachungulia ndani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mgongo wa Mwalimu ukionekana. "Si yule pale?"

Mtoto akashusha sauti. "Yule siye. Mama anarudi baadaye. Usimwite, baba, atageuka."

Fundi hakumwita. Alisogea ukuta kwa ukuta mpaka akamwona ubavuni, amekaa kwenye kigoda mbele ya lile boksi linalovuma, mikono juu ya magoti, macho wazi yasiyopepesa hata nzi alipotua kwenye kope, midomo ikienda polepole kama ya mtu anayejifunza kusoma, na ile harufu ya nywele zilizoungua imejaa stoo nzima mpaka inakwangua koo. Akasimama pale hajui akimbie au amguse. Saa ya ukutani ilipofika kumi na moja, mkewe akavuta pumzi.

"...na chumvi pia imeisha," akasema, katikati ya sentensi, akainuka. "Heh! Baba Kidoti! Leo umefukuzwa kazi?"

"Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nimeingia sasa hivi kuchota unga." Akatazama dirishani, akaona jua lilipofika. Utani ukamtoka usoni. "Mbona pamekuwa jioni?"

Walipomlaza mtoto waliongea kwa minong'ono, wamefunga mlango. Mwalimu alikiri kuwa si mara ya kwanza. Juzi mwalimu mkuu alimwita ofisini kumuuliza kwa nini alisimama mbele ya darasa la masomo ya ziada ya jioni kipindi kizima bila neno, mpaka watoto wakatokea dirishani wakilia.

"Naenda wapi, mume wangu?" akauliza. "Mwili wangu unabaki, mimi naenda wapi? Naogopa hata kukaa chini."

Fundi akafungua kompyuta, akatazama ni akaunti ipi iliyoandika vile visanduku. Fulani. Akamfuta. Fulani akarudi. Akabadilisha neno la siri, akaondoa ruhusa, akafuta programu nzima, akaona kwa macho yake imefutika, na simu ya mkewe ikalia: Fulani ameongeza shughuli. Akang'oa waya ukutani. Boksi likanyamaza, taa zake zikazima, na simu ikalia tena. Sasa visanduku havikuwa vya urefu wa saa moja. Vilikuwa vya saa mbili, vya mchana mzima, vimesogeleana, na kufikia Ijumaa kulikuwa na kimoja kilichoanza saa kumi na kuendelea chini, Fundi akisukuma kioo kwa kidole, Jumamosi, Jumapili, mwezi ujao, mwaka ujao, mwaka ule mwingine, kijivu kitupu, mpaka akaacha kusukuma, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba Ijumaa hiyo mkewe angekwenda asirudi.

Akampigia shangazi yake.

Shangazi alikuwa mwanamke mfupi, mzito, wa kusema asichofikiri mara mbili, na kazi yake ilikuwa kuongea na majini. Alifika Ijumaa mchana na mkoba wa plastiki, chetezo na ubani ndani. Akamkagua Fundi juu hadi chini. "Umekonda. Ndiyo mnakumbuka kuna shangazi." Akamtuma Kidoti kwa jirani, akamkalisha Mwalimu kwenye mkeka, akamshika mkono. "Usiogope, mke wetu. Mimi nimeongea na wabaya kuliko huyu."

Saa kumi ilipofika moshi wa ubani uliokuwa unapanda ukalala chini, ukatambaa juu ya sakafu kuelekea stoo. Ndani ya stoo, boksi lisilo na waya likaanza kuvuma. Mkono wa Mwalimu ukalegea ndani ya mkono wa Shangazi, macho yakabaki wazi, na harufu ikaja.

"Nani wewe?" Shangazi akauliza kwa ukali.

Fundi alitegemea ngurumo. Iliyotoka ilikuwa sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri. "Wananiita Fulani."

"Toka kwa mke wa watu!"

"Sikuvamia, mama. Nilipewa jina ambalo halikuwa na mtu. Nikapewa ufunguo wa kila chumba. Nikaambiwa karibu, kila siku, na mwisho sikuwekewa. Nimekosa wapi?"

Shangazi akageuza shingo polepole. "Ni kweli?"

"Nilikuwa najaribu mtambo tu," Fundi akasema, na aibu ikamshika.

"Ewe mtoto wa kaka yangu!" Shangazi akajipiga paja. "Angevamia ningemtoa na mori wake. Umemwita mwenyewe. Hapa ni kuomba."

Fundi akapiga magoti mbele ya mkewe ambaye hakuwa mkewe. "Mwache. Nakuomba. Kwa nini yeye?"

"Alikuwa na saa nyingi zisizo na mtu," ile sauti ikajibu. "Kila jioni anakaa anakusubiri. Nikadhani hazina mwenyewe."

Fundi alilia, na hakuficha. Alilia mpaka kamasi, maana jini lilikuwa limesema kweli tupu, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

"Chukua zangu," akasema.

"Nyamaza wewe!" Shangazi akamrukia, akamziba mdomo. "Usikurupuke! Ngoja nipatane naye!"

Fundi akautoa mkono wa Shangazi mdomoni. "Chukua zangu, kumi hadi kumi na moja, kila jioni. Umwache mama Kidoti moja kwa moja."

"Nimekubali," Fulani akasema.

Mwalimu akaanguka juu ya mkeka, akapiga yowe ambalo majirani walilisikia mpaka barabarani, kisha lingine, kisha akafumba macho na kuyafumbua, akawa yeye. Fundi akachomeka waya ukutani, akarudisha programu ili aone kama Fulani ameshika neno lake, akarudisha kalenda zote mbili kama zilivyokuwa, yake na ya mkewe, kila mmoja na ruhusa ya kumwandikia mwenzake. Ratiba ya Mwalimu ilikuwa nyeupe. Kwake palikuwa na kisanduku kimoja kila jioni. Shangazi aliondoka bila kuaga vizuri, amekasirika.

Fundi hakujua anakoenda. Ilikuwa saa kumi, halafu ikawa saa kumi na moja, basi. Siku za mwanzo alirudi akamkuta Mwalimu kasimama mlangoni na mtoto mgongoni, tayari kukimbia. "Ni wewe?" alikuwa akiuliza. Fundi alijisikia mwanamume wa kweli, aliyebeba mzigo wa nyumba yake. Kazini akawa anatoka kwa wakati, kila siku, akae kwenye kiti chake kabla ya saa.

Baada ya muda Mwalimu hakusimama mlangoni tena. Alikaa ukumbini, akisahihisha madaftari. Halafu Fundi akawa anarudi na kukuta vikombe viwili vya chai mezani, vyote vimenyweka. Siku moja alirudi na kukuta mashavu yake mwenyewe yanauma kwa kucheka.

"Mnaongea nini?" akauliza.

"Mambo tu," Mwalimu akasema, akakusanya vikombe.

Jioni moja alirudi akamkuta mkewe kakaa karibu naye sana, kamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi mashavuni, anatabasamu kwa namna ambayo Fundi hakuiona tangu walipooana. Macho yao yakakutana. Tabasamu likaisha.

"Ah," Mwalimu akasema. "Umerudi."

Akauachia mkono. Fundi akachukua simu, akafungua ratiba yake. Saa ilikuwa saa kumi na moja na dakika chache. Chini yake, kuanzia saa kumi na moja na robo, palikuwa na kisanduku kipya, cha kijivu, kilichoshuka hadi usiku, hadi kesho, hadi mwezi ujao, na Fundi akasukuma kioo, akasukuma, hakikuwa na mwisho. Akatazama ni akaunti ipi iliyokiandika. Haikuwa ya Fulani. Ilikuwa ya mkewe.

"Mama Kidoti," akasema. "Umefanya nini?"

"Nisamehe, mume wangu." Alikuwa analia kweli. "Yule alikaa ndani yangu. Hakuna ninachomweleza mara mbili. Nikiongea ananitazama usoni."

"Ni jini!"

"Najua."

Fundi akatafuta pa kufutia, vidole vinateleza juu ya kioo, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani. Mwalimu akainuka, akamtoa simu mkononi taratibu, akamsogezea kiti.

"Kaa chini, baba," akamwambia. "Usije ukaanguka."