Kidomo na Mguu wa Bibi

Kila siku akitoka shule, Kidomo alichukua sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, akaipitisha sakafuni chini ya cherehani ya bibi yake. Sindano na pini zilizodondoka ziliruka na kunata. Bibi alikuwa fundi wa sare za shule, na chumba chao cha mbele kilijaa vipande vya kitambaa cha buluu.

Jina la Kidomo alipewa na bibi mwenyewe, kwa kuwa mtoto huyo hakuwahi kumeza neno. "Mke mwenzangu huyu ana mdomo kama kisu," bibi aliwaambia wateja, "na ala yake imepotea."

Siku moja, akiwa ameinama chini ya cherehani, Kidomo alisikia harufu mbaya. Akaona soksi ya bibi imelowa kwenye kidole kikubwa.

"Bibi, mguu huu una nini?"

"Una kazi. Toka huko chini."

"Unanuka."

"Na wewe unanuka jasho la kuruka kamba. Nimekusema?"

Kidomo hakucheka. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na walishaelezwa zahanati kwamba ugonjwa huo huifanya miguu ife ganzi. Mtu hukanyaga sindano asijue. Akamwita mama yake, aliyekuwa akifua uani. Mama akaivua ile soksi. Kidole kilikuwa kimevimba, na upande mmoja kilikuwa cheusi.

Hospitali kubwa isingempokea bibi kwa bima bila namba ya rufaa. Lakini serikali ilikuwa imeamua kwamba bima ya umma ilipie pia matibabu ya kwa simu. Daktari akimwona mgonjwa kwa video, ilihesabiwa sawa na kuonana naye chumbani. Akiona hatari, alituma namba ya rufaa hapo hapo. Asipoiona, basi.

Mama akaomba daktari kwa simu yake. Walipokuwa wakisubiri, bibi alinawa uso, akavaa gauni la harusini na kurudisha soksi mguuni. Akakaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Shikamoo, mama," alisema daktari, kijana mwenye miwani. "Habari za afya?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, tunamshukuru Mungu."

"Unasumbuliwa na nini?"

"Kidole tu kimejikwaruza. Ni uzee huo."

"Kinauma?"

"Hata kidogo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa baya.

"Naweza kukiona?"

"Nimeshakifunga vizuri. Wahudumie wagonjwa wa kweli, mwanangu, usipoteze muda na mimi."

Daktari alitabasamu. "Haya, mama. Endelea kukisafisha. Kwa sasa sioni haja ya rufaa..."

Kidomo akaikwapua simu mkononi mwa bibi.

"Daktari, usikate! Bibi anasema nzuri kwa sababu umemwamkia. Hata akizama mtoni atakujibu nzuri!"

"Huna adabu!" bibi alifoka. "Nirudishie simu!"

"Sirudishi. Nichapeni baadaye, kwanza aone. Mama, mvue soksi."

Mama alimtazama bibi, akamtazama binti yake. Kisha akapiga magoti na kuivua.

Daktari aliacha kutabasamu. "Sogeza karibu. Zaidi. Geuza upande ule mweusi." Akainamia skrini. "Mama, kidole hiki kikiachwa, kitauchukua mguu. Natuma rufaa sasa hivi. Nendeni leo."

Njia nzima bibi hakumsemesha Kidomo.

Kwenye dirisha la bima hospitalini, karani aliitazama namba kwenye simu ya mama, akaisukuma simu nje. "Rufaa ya simu? Rudini zahanati kwanza, mkaonwe na mtu."

Kidomo akafumbua mdomo, lakini bibi alimtangulia.

"Nimeonwa na mtu," alisema, ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Ana macho, ana miwani juu ya macho, na bima inamtambua. Mguu wangu unaoza hapa nilipo. Itafute namba hiyo kwenye kompyuta yako, mwanangu. Mimi siondoki."

"Mtafutie, bwana, la sivyo atahamia hapo na godoro!" mtu alipaza sauti kwenye foleni, watu wakacheka.

Karani akabonyeza, akasoma, akakohoa. "Ipo," alisema. "Mama, pita ndani."

Ndani ya kidole walikuta kipande cha sindano ya cherehani. Kidole hakikuokoleka. Mguu uliokoka.

Bibi aliporudi nyumbani, mama alimsimamisha Kidomo mbele yake. "Mwombe bibi yako msamaha."

"Nisamehe, bibi, kwa kukunyang'anya simu," alisema Kidomo. Akainua kidevu. "Kwa kusema, siombi."

"Wewe!" mama aliruka.

"Mwache," alisema bibi. "Simu nimeshamsamehe. Hilo jingine hana deni nalo. Nilidhani heshima ni kumpa daktari majibu matamu. Serikali ilishalipia macho yake, mimi nikayafunga kwa soksi! Daktari awe mbele yako au kwenye simu, hatibu usichomwonyesha. Mwambieni ukweli, hata kama mkubwa wenu anakunja uso."

Akauweka mguu wenye bendeji juu ya kigoda, mahali ambapo kila mteja angeuona.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kimeanza na kidole, na kitaishia hapo hapo."