Damu ya Waliobaki

Siku mgodi ulipoporomoka, Djafari alikuwa chini.

Hakutolewa. Wanajeshi walikuja wakawafukuza wachimbaji wote, kisha tingatinga zikafukia mashimo pamoja na waliokuwemo.

Tangu siku hiyo mkewe, Bilkisi, hali, halali. Kidonge cha kwanza cha huzuni hakikumsaidia. Daktari Mbombo akachukua damu yake na ya wafiwa wengine. Alitafuta alama zinazoonyesha jinsi mwili unavyowaka kwa ndani, ajue mapema nani atapona kwa kidonge kipi.

"Sitaki kubahatisha tena," alisema.

Asubuhi moja damu ile iliibwa.

Sikudhani, dada mdogo wa Djafari na askari wa upelelezi, alikuwa Kasulo, mtaa wa wachimbaji, redio yake ya Motorola ilipokoroma.

"Mwewe, unanipata?" mkuu wake akamwita kwa jina la kazi.

"Nakupata."

"Mzigo umefichwa katika msafara wa mazishi. Lori la bluu, Fuso, kuelekea Mutshatsha. Mnunuzi anangoja na ndege. Akiupata, kipimo cha daktari kitakuwa chake."

"Barafu?"

"Inayeyuka. Damu ikipata joto, haina kazi. Na usipige risasi. Barabara imejaa wanaofukuzwa."

Alijifunga kitenge, akapanda Fuso pamoja na waombolezaji wa kukodiwa. Hakuna anayemuuliza mama anayelia ametoka wapi.

Sasa hakuweza kushuka.

Sanduku la maiti lilimbana magoti. Turubai lilikuwa limefungwa kwa kamba pande zote. Joto. Vumbi. Bastola yake ya Browning ilikuwa pajani, chini ya kitenge, na mikono haikuwa na nafasi ya kufika. Kulia kwake alikaa Barnabé, bosi wa mzigo, mgeni kutoka Kinshasa, mwenye bastola ya Makarov ndani ya koti.

"Mama, lia na nguvu! Tunakulipa kwa kusinzia?" Barnabé akamfokea Sikudhani.

"Machozi yangu si ya bomba, tata. Ngoja tufike kwa bakubwa."

Wanawake wakacheka.

Fuso likasimama.

Kizuizi cha wanajeshi. Nje wachimbaji walipita wakisukumwa, magodoro kichwani. Sajini Mulumba akafunua turubai.

"Ni nani mule?"

"Mutu wa Kasulo, chef." Barnabé alikuwa ameokota jina moja kati ya majina ya waliofukiwa yaliyosomwa redioni. "Djafari Mukalay. Alikufa mu mugodi."

Sikudhani akaligeukia sanduku.

Sanduku lililombana lilikuwa limepewa jina la kaka yake, yule aliyemwita yaya.

Alifundishwa kutulia. Hakutulia. Alilia, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Yaya Djafari! Chef, mi ni ndugu yake. Bafungule nimuone!"

"Nyamaza," Barnabé alinong'ona. Mdomo wa bastola ukamgusa ubavuni.

"Yaya yangu ni Muislamu! Sisi tunazika na sanda, hatupigilie mutu misumari. Na Mutshatsha banamupeleka kwa nani? Hatuna mutu kule!"

Mwombolezaji mmoja akasema polepole, "Kweli. Hata imamu hayuko."

Sajini akamkazia macho Barnabé. "Tata, Muislamu gani huyu, wa misumari?"

Barnabé akageuka kujibu. Bastola ikaacha ubavu.

Kiwiko cha Sikudhani.

Kilimpata kooni. Makarov ikaanguka, na kabla hajavuta pumzi, mama watatu walikuwa wamemkalia.

"Na malipo yetu, tata?" mmoja aliuliza akiwa juu yake.

Nyundo ikang'oa misumari. Ndani hapakuwa na maiti. Palikuwa na glasiere nyeupe, sanduku la kubebea barafu, chupa ndogo za damu zimepangwa, barafu ikielea kwenye maji yake.

"Mwewe, ripoti," mkuu wake akasema redioni.

"Mzigo ninao. Bado baridi."

"Mnunuzi tumemkamata penye ndege yake. Kazi nzuri."

Alibeba glasiere begani, akatembea bila haraka kuelekea gari la Daktari Mbombo lililokuwa limewafuata nyuma, huku umati wa waliofukuzwa ukimpisha.

Damu iko kwenye maabara, Lubumbashi. Majibu hayajatoka. Sikudhani anampikia Bilkisi uji kila asubuhi, na kila jioni unamwagwa.