Boya Moja, Boti Moja

Jiwe la zege lililoshika boya kwa mnyororo liling'oka chini ya maji bila kelele. Mama Boya alijua kwa nyayo zake: boti iliyokuwa ikirukaruka palepale kama mbuzi aliyefungwa, ghafla ilianza kuteleza kinyumenyume kuelekea mdomo wa ghuba.

"Tumeng'oka," alisema.

Shemeji yake, kinyozi, mdogo wa mumewe na mwenye boti ile, alikuwa ameinamia swichi ya injini. "Haiwezekani. Si ulisema jiwe lako linashika hata meli?"

"Linashika boti moja. Hiyo nyuma yako ni nini?"

Kinyozi hakugeuka. Alijua. Boti ya muuza rangi, pana kuliko yake, ilikuwa imefungwa mkiani mwake kwa kamba ya bluu. Watu wa ghuba ile waliita jambo hilo kubebana. Ukikuta maboya yote yameshikwa, unajifunga nyuma ya mwenzako, unasema "nibebe kidogo," naye hana budi kukubali, maana kukataa ni kumkosea mtu adabu. Mama Boya aliishi kwa kukodisha maboya yale, na juu ya kila moja alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: BOYA MOJA, BOTI MOJA. Watu walisoma, wakacheka, wakabebana.

Asubuhi hiyo upepo ulipoanza kuvuma vibaya, yeye na shemeji yake walikuja kuihamishia boti upande wenye kinga. Walichelewa kidogo tu, na hicho kidogo kilitosha.

"Usiwashe kwanza," Mama Boya alisema. "Hiyo kamba imelegea, ita..."

Kinyozi akawasha. Kamba ya bluu ikavutwa chini ya tumbo la boti, ikajisokota kwenye propela. Injini ikakoroma, ikanyamaza.

"Hongera, shemeji. Hapo umenyoa mpaka masikio."

Miambani mwa mdomo wa ghuba jiwe lilinasa, mnyororo ukakatika karibu nalo, na bahari kubwa ikawapokea. Mawimbi huko nje hayakuwa na haraka. Yalikuja marefu, ya kijivu, yakipanda kama kuta zinazotembea. Boti ya muuza rangi, bado imening'inia kwenye ile kamba, iliwavuta mkia, na kila wimbi liliwapandia kwa nyuma na kuwajaza maji hadi magotini.

Mama Boya alichomoa kisu, akalala kifudifudi mkiani.

"Usiikate," alisema kinyozi. "Mtu kaniachia mali yake kwa imani. Nitamwambia nini?"

"Kwanza uwe hai wa kumwambia."

Kamba ilikuwa imekaza kama waya. Kisu kilipoigusa mara ya tatu ilipasuka kwa mlio, na boti ya muuza rangi ikaenda zake, tupu, ikiyumba kama mlevi asiye na mtu wa kumshika.

Papo hapo boti yao iligeuka, ikaelekeza pua kwenye mawimbi. Kinyozi alikimbilia mbele, ambako mnyororo uliokatika ulikuwa bado unaning'inia majini pamoja na boya.

"Tuutupe huu, tuwe wepesi."

"Uache. Huo ndio unaotushikia pua ielekee mawimbi."

Hakusikia, au alijifanya hakusikia. Aliingiza mkono kwenye pingu ya mnyororo, wimbi likainua pua, chuma kikabana. Alipiga yowe moja fupi. Vidole viwili vilirudi vikiwa vimepondeka, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Mama Boya alichana mkono wa shati lake, akafunga jeraha, akakaza hadi shemeji akatoa machozi. "Uinue juu ya kichwa. Kama mwanafunzi anayejua jibu."

"Sijui jibu lolote, shemeji."

"Naona. Chota maji kwa mkono mwingine."

Wakachota. Ndoo ilipanda na kushuka, maji yakaingia, wakayarudisha. Mvua ilifuta nchi kavu yote. Maji ya kunywa yalikuwa nusu dumu; walipokezana funda moja moja, naye Mama Boya alikuwa akilifunga dumu kwa nguvu kila mara kana kwamba kuna mwizi karibu. Kinyozi alianza kutetemeka. Akaacha kuchota.

"Tumekwisha," alisema polepole.

"Sema umechoka. Kuchoka naelewa. Hiyo nyingine usinisemee mimi."

Upepo ulipopungua kidogo, Mama Boya akavua viatu, akajifunga kamba kiunoni, akampa shemeji ncha ya pili. "Nikivuta mara mbili, nivute. Nisipovuta, nivute vilevile."

Chini kulikuwa na giza la kijani. Tumbo la boti lilipanda, kisha likashuka juu yake kama mchi kwenye kinu. Pigo la kwanza lilimpasua ngozi ya bega. Alishika shina la propela kwa mkono mmoja na kukereza kamba kwa mwingine, mkunjo mmoja, akapanda kupumua, mkunjo mwingine, akapanda, akatapika chumvi, akazama tena. Alimtukana muuza rangi kimoyomoyo. Alijitukana na yeye, kwa kuandika kwenye maboya maneno aliyopaswa kuwaambia watu usoni. Aliona haya kugombana na wakwe, na haya ile sasa ilikuwa imejisokota pale kwenye chuma, ya bluu, ngumu. Mkunjo wa mwisho uliachia.

Kinyozi alimpandisha kwa mkono mzima na meno.

Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Wakauingiza mnyororo ndani, wote wawili, polepole.

"Nyumbani wapi?" kinyozi aliuliza.

"Mawimbi makubwa yanatoka bahari kuu. Yatupige mgongoni tu, tutafika mahali penye watu."

Mahali penye watu walipofika palikuwa kwao. Karibu na miamba boti ya uokoaji iliwakuta, na mwokoaji akainua kamba tayari kuirusha.

"Tufuateni nyuma," Mama Boya alimwambia. "Injini ikizima, ndipo muirushe."

Haikuzima.

Gatini, mumewe alimfunika blanketi. Muuza rangi alipenya katikati ya watu.

"Boti yangu iko wapi?"

"Nimeikata."

"Umeikata? Boti ya watu?"

Kinyozi alijitokeza mbele, mkono bado uko juu, damu imekauka shatini. "Ulisema nikubebe, nikaona haya kukukatalia. Haya imeniisha, kaka. Ikionekana, usiilete kwangu."

Muuza rangi aliutazama ule mkono, akawapisha njia.

"Twende nyumbani," mume alimwambia mkewe taratibu. "Lakini kwanza hospitali, wote wawili."

"Mdogo wako apelekwe hospitali. Bega langu litashonwa nikipita." Mama Boya alisimama, akayumba, akamshika mumewe mkono. "Mimi nipitishe kwa fundi wa kuchomelea kabla hajafunga. Boya lile linataka mnyororo mnene."