Kwa Nini Paka wa Bibi Dorkasi Alilala Majivuni

Kila alfajiri, kipupwe kilipoingia kijijini Haneti, Zipora alianza kazi kwa kumfukuza paka jikoni. Paka alilala katikati ya mafiga, kwenye majivu yenye uvuguvugu, akatoka mweupe kama aliyeanguka kwenye unga. Zipora alizoa majivu, akachochea moto, kisha akakagua kilindo, yaani pipa la gome la mti lenye mbegu za uwele.

Mbegu hizo ndizo zilikuwa uhai wa nyumba. Askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikwishapita, wakachukua nafaka nyingine yote ya kulishia msafara wao. Panya wakizimaliza na hizo, mvua ingenyesha bure.

“Toka, mvivu wee!” Zipora alimwambia paka siku moja.

Kaka yake, Sila, akacheka. “Ana joho la manyoya mwili mzima, bado anaogopa baridi kuliko bibi! Sisi wenye ngozi tupu tufanyeje?”

“Sisi tunajipaka mafuta.”

“Basi naye tumpake. Bibi harusi aende ngomani!”

Siku hiyo Bibi Dorkasi, aliyewalea, alikuwa amekwenda kumuuguza jirani. Watoto wakachukua mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na udongo mwekundu, ambayo vijana walijipaka wakienda kucheza. Sila akamshika paka miguu, Zipora akampaka mpaka manyoya yakalowa chapa na kulala. Paka akapepesuka, akijilamba na kutema. Wao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jioni wakamtoa nje, wakafunga mlango wa tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo.

Upepo ulikuwa mkali. Paka akakwaruza mlango, akalia.

“Mwache,” Sila alisema. “Mafuta yatampasha joto.”

Baadaye paka akanyamaza. Wakadhani amezoea.

Asubuhi bibi aliporudi alimkuta mlangoni amekufa, amekauka kama kuni. Ndani, panya walikuwa wametoboa kilindo na kula nusu ya mbegu.

“Shikamoo, bibi,” Zipora alimwamkia kwa sauti ndogo.

“Nani amefanya hivi?” bibi akauliza.

“Labda nyoka, bibi,” Sila alijibu upesi.

Bibi akamgusa paka, kisha akawaonyesha kiganja chake chekundu. “Nyoka huyu alikuwa anakwenda ngoma gani?”

Zipora akaanza kulia. “Ni sisi, bibi. Tulimpaka, tukamfungia nje.”

Bibi hakuwachapa. Aliwaambia wachovye nguo zao za kaniki majini, wajifunge, wapande juu ya paa la tembe. Upepo ukawapiga. Meno ya Sila yakagongana. Mzaha wote ukamwisha.

“Kaniki si ile ile ya jana?” bibi aliuliza kutoka chini. “Mbona haiwapashi joto?”

“Imelowa, bibi! Imegandama mwilini!”

“Na manyoya ni hivyo hivyo. Yakiwa makavu na yamesimama, hushika joto ndani yake. Mliyalaza, joto likakimbia. Tena paka ni mdogo. Kaa dogo likitoka motoni hupoa kabla ya gogo. Masikio yake ni membamba, hata mwanga unapita. Ng'ombe atavumilia upepo huu. Paka hutafuta majivu. Haya, shukeni.”

Tangu siku hiyo walitandika ngozi zao za kulalia kando ya kilindo, mbali na moto, wakakesha kwa zamu na fimbo mkononi kufukuza panya. Walipochoka kabisa, Zipora alikwenda kwa Mzee Bashiri, mfanyabiashara kutoka Kondoa, ambaye paka wake alikuwa amezaa.

“Wa kwanza alikufaje?” mzee aliuliza.

Zipora akaeleza yote, na nyoka hakumtaja. Mzee akamwekea kitoto cha paka mapajani. “Usingesema kweli, ungerudi mikono mitupu.”

Panya wakapungua, na mbegu zilizobaki zikasalimika. Mvua ilipofika walipanda, lakini mbegu zikaishia katikati ya shamba. Sila akasimama na jembe lake, hana cha kupanda.

“Bibi, mwaka huu tutakula nusu?”

“Tutakula nusu,” bibi alisema, akitazama ardhi iliyobaki tupu. “Mnyama hana maneno ya kukwambia baridi inamuuma. Ana mwili tu wa kukuonyesha. Ukimwona anakimbilia moto, usimwite mvivu. Jiulize kwanza anakimbia nini.”