Nusu ya Kamba

Ko. Kifuniko cha sufuria kiligonga ukuta gizani. Kimya. Ko. Sekela alidhani ni panya. Aliposhusha miguu kitandani, maji yakamfika magotini.

Lori lililomtoa Mbeya kumpeleka Mufindi, kwa mumewe aliyeajiriwa kwenye mashamba ya chai, lilizama matopeni jana yake, na mzee Filemoni akampa chumba kando ya mto. Sasa mzee alimvuta mkono. Sekela akamfunga mwanawe Tusekile mgongoni, wakapanda kichuguu nyuma ya nyumba.

Kulipokucha, bonde zima lilikuwa maji. Kichuguu kilimeguka chini ya nyayo zao, donge baada ya donge.

Filemoni akapiga ukunga, yowe la kuomba msaada. Ng'ambo, Wahehe wakaitika palepale, wakashuka mbio na kamba.

"Tayarisheni nusu yenu!" aliita mtu mrefu, Kalinga.

Filemoni akainamisha kichwa.

"Nusu gani, baba?" Sekela aliuliza.

"Kila mavuno tunasokota kamba moja, wao wa ng'ambo na sisi wa huku, tunaigawana. Mto ukifurika, tunaziunga."

"Yenu iko wapi?"

"Niliikatakata, mwanangu. Nilifungia ng'ombe wa mahari."

"Mmeipika mboga?" alifoka Benedicta, mke wa Kalinga, kutoka ng'ambo alipoona hawana kamba.

Kalinga hakungoja jibu. Alijifunga kamba kiunoni, akaogelea mpaka kwenye mkuyu uliosimama katikati ya mto. Hapo kamba ikaisha. Akaifungua kiunoni, akaifunga kwenye shina, akaogelea mpaka kichuguuni bila kamba.

"Mtoto kwanza, dada."

Alimfikisha Tusekile mkuyuni, akamfunga kwenye kamba, wenzake wakamvuta ng'ambo, wakairusha kamba tena. Kalinga akaidaka, akarudi kichuguuni. Sekela alimshika shingo, akameza matope, akasikia moyo wa yule mtu ukidunda kama ngoma. Naye akavutwa ng'ambo.

"Pumzika, Kalinga!" wenzake walipiga kelele.

"Mzee naye?" alijibu, akajitosa mara ya tatu.

Gogo lilitoka juu ya mto, likampiga kichwani. Hakuibuka.

Jioni maji yalipungua, Filemoni akavuka kwa miguu yake. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemsalimu. Benedicta alikuwa amemfunika Tusekile kwa kaniki yake kavu, akimsugua mikono ipate joto. Sekela alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu.

Tusekile akanyoosha kidole mtoni.

"Yule baba bado yuko majini."