Valvu Iliyonyamaza

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Redio ilikwenda hivi: kaka alisukuma pikipiki hadi uani, akapiga kiki, na injini ikaitika, ta-ta-ta-ta. Redio alikuwa akifagia. Mama alikuwa akichemsha chai. Lakini mlio ule ukianza tu, mama aliacha sufuria, akaingia chumbani na kufunga mlango. Chai ilifurika, ikazima moto, na iliyosalia ikanywewa bila neno.

Redio lilikuwa jina la utani. Baba ndiye aliyempa binti yake, akisema, "Huyu hazimwi hata betri zikiisha." Sasa baba alikuwa amekwisha zikwa, na Redio hakushika stesheni yoyote. Nyumba nzima ilinyamaza. Waliambiana "shika", "pisha" na "lala", basi.

Pikipiki ilikuwa ya baba. Alibebea abiria, na mara kwa mara aliketi kwenye kigoda asubuhi, kabla hajaiwasha, akafungua vifuniko viwili vya injini na kupima valvu.

"Valvu ni milango ya injini," alimfundisha Redio. "Mmoja unaingiza, mwingine unatoa moshi. Kati ya mlango na mkono unaousukuma lazima ibaki nafasi ndogo. Chuma kikipata moto kinatanuka, mwanangu. Kitanukie wapi?"

Nafasi hiyo aliipima kwa geji, kibati chembamba kuliko ukucha. "Kipite kwa kusuguka kidogo," alisema, "kama bwana harusi mwenye haya anayeingia ukweni." Siku hiyo Redio alicheka mpaka akaangusha nati mchangani, wakaitafuta pamoja kwa magoti.

Basi Redio alijua kelele ile ilitoka wapi: ni ule mkono ukigonga mlango kwenye ile nafasi. Akawaza: kama ndiyo inayomfukuza mama jikoni, dawa yake ni kuikomesha. Alfajiri moja kaka alipokuwa akioga, alichukua spana, akalegeza nati na kukaza skrubu za valvu mpaka geji ikakataa kupita. Akafunga vifuniko, akashika ufagio kama malaika.

Kaka alipopiga kiki, injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"He! Imejiponya yenyewe?" kaka alishangaa.

Redio alifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mama hakuingia chumbani. Alisimama mlangoni akasikiliza, kama mtu aliyesikia akiitwa na akageuka asimwone aliyemwita.

Haikupita wiki, pikipiki ikaanza visa. Asubuhi iliwaka, lakini ikipata moto iliishiwa nguvu. Kilimani ilizima kabisa, na abiria mmoja, mama mnene mwenye kikapu, akamfokea kaka, "Kijana, nimekodi kubebwa, sikukodi kusukuma!" Kaka alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta. Wapi! Vijana wenzake kijiweni wakamwita Mzee wa Kusukuma, na abiria wakahamia kwao.

Jioni moja alirudi akiikokota, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Akaiegesha ukutani.

"Kesho muuza vipuri anakuja kuichukua," alisema. "Ataifungua, auze kipande kipande. Imekufa kama mwenyewe." Neno lilipomtoka akajiziba mdomo, lakini mama alikuwa amekwisha lisikia.

Redio aliitazama pikipiki. Aliona tanki la baba likienda kwa mtu huyu, kiti kwa mtu yule, taa kwa mwingine.

"Kaka, haijafa. Mimi ndiye niliyekaza valvu."

"Umefanya nini?"

"Niliikaza inyamaze. Mama alikuwa akiukimbia ule mlio."

"Redio! Nimesukuma chuma siku zote hizi, watu wananicheka, na wewe unanitazama tu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa! Na mimi nilikuwa tayari kuiuza..."

"Nani kakwambia naukimbia?" Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba. Sauti yake ilikwaruza, maana haikuwa na mazoezi. "Nilikuwa nakwenda kulia, mwanangu. Ule mlio ni baba yenu anatoka kwenda kazini. Nilitaka kuusikia nikiwa peke yangu, msinione. Ulipokoma, ikawa kama nimemzika mara ya pili."

Kaka alinyakua spana.

"Iweke," mama alisema. "Injini ya moto inadanganya. Nimemshikia yule mwanaume taa miaka mingi, unadhani nilikuwa nimelala? Mpaka asubuhi, ipoe."

Asubuhi mama alizungusha injini kwa spana hadi alama iliyochongwa ndani yake ilipokaa sawa na valvu zote mbili zikawa zimefunga. Redio alilegeza skrubu na kupitisha geji. Mara ya kwanza ilipwaya. Mara ya pili ikapita kwa kusuguka, bwana harusi wa baba huyo, na machozi yakamdondokea juu ya injini.

Muuza vipuri alibisha hodi wakifunga vifuniko. "Nimefuata chuma changu."

"Subiri, mjomba," alisema kaka, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kikohozi. Akapiga tena, na injini ikaitika: ta-ta-ta-ta.

Muuza vipuri alitikisa kichwa, akaenda zake. Pikipiki haikurudi nzima: valvu ya moshi ilikuwa imeungua ukingoni, na kile kilima sasa wangekipanda kwa gia ya kwanza. Lakini ilibaki nyumbani.

Mama alilia palepale uani, mbele yao, bila kujifunika.

"Baba yenu alisema valvu inayogonga kidogo ni nzima," alisema. "Ya kuogopa ni iliyonyamaza, maana inaungua ndani. Nasi humu tumekazana vivyo hivyo, kila mtu anamfichia mwenzake. Redio, ukikosea, sema mapema, kabla kitu hakijaungua. Na ukiumia, sema pia. Hata mimi nitasema."

Redio alijifuta pua kwa kiganja chenye oili, akabaki na masharubu.

"Mama," aliuliza, "asubuhi ile ya mwisho baba alipotoka, alikwambia nini?"

Mama akamsogezea nafasi kwenye kigoda, akaanza kusimulia. Jikoni chai ilifurika, ikazima moto. Hakuna aliyeinuka.