Sahihi ya Manasseh

Saa mbili asubuhi. Jumamosi, Machi 1977.

Mosocho, chumba cha nyuma ya kinu cha posho. Watu watatu, mlango umefungwa. Nyasani, mkubwa wao, alipanga kazi kwa sauti ya chini. Lori lilikuwa na magunia mia mbili ya kahawa ya magendo. Kahawa haitoki nchini bila kibali chenye mihuri miwili, wa ofisi ya kilimo na wa chama cha wakulima. Serikali na wakulima walikubaliana hivyo ili wachungane. Karani wa serikali alikuwa amekwisha kula chake, na muhuri wa kwanza ulikuwapo. Wa pili ulikuwa kabatini kwa Manasseh, katibu wa chama, mzee asiyenunulika.

Orpah, mmoja wa watatu hao, alikuwa binti wa Manasseh. Alimwibia babake funguo kwa sababu Nyasani alimwahidi ndoa. Mapenzi upofu, na huyu hakuwa akiona hata kwa jicho moja.

Jethro, dereva, akauliza funguo zitarudishwa vipi. Nyasani akasema hazirudi. Zitaachwa mlangoni, polisi wamkamate mzee.

"Ulisema Tata hataguswa," Orpah akasema, akimtetea babake.

"Lazima aguswe mtu."

Penzi la Orpah lilikufa palepale, lakini alijua kwamba Nyasani ana bastola.

Saa nne. Kisii mjini.

Wasabato, Manasseh miongoni mwao, walikuwa kanisani, ndiyo maana Nyasani aliichagua siku hiyo. Wakaingia ofisi ya chama mchana kweupe. Muhuri ukagongwa. Orpah akaandika sahihi ya babake, aliyoizoea tangu alipokuwa akiiiga kwenye ripoti za shule. Akafika kwenye tarehe.

"Niandike ya lini?"

"Ya leo. Kibali ni cha siku moja."

Akaandika bila kusema neno. Lori lilipoondoka, alikwenda kanisani akaketi na kina mama.

Saa tano na nusu. Keroka.

Kwenye kizuizi cha barabara, polisi walisimama pamoja na mtu wa chama, kama serikali na wakulima walivyokubaliana. Siku hiyo alikuwa Cleophas, Mkatoliki. Alikisoma kibali mara mbili.

"Manasseh ametia sahihi leo?"

"Asubuhi hii," Jethro akajibu.

"Miaka kumi nafanya kazi na huyo mzee. Jumamosi hashiki kalamu."

Nyasani akachomoa bastola. Polisi walimwahi kwa risasi. Yeye na Jethro walifia ndani ya lori, na hakubaki wa kumtaja Orpah.

Saa nane. Kanisani.

Inspekta alimwita Manasseh mlangoni. Orpah aliketi karibu, akasikia yote. Inspekta alisema tarehe imemtetea mzee, hakuna anayemshuku. Orpah akashusha pumzi.

"Lakini nani anaweza kuiandika sahihi yako hivi?"

Mzee alikipokea kibali, akaitazama sahihi. Angesema hajui, angeaminiwa. Lakini maisha yake yote hakuwahi kusema uongo, na Sabato ilikuwa haijaisha.

"Binti yangu," akasema. "Yule pale."